Wenzangu wanaitwa usiku, mimi naambiwa nikapumzike

Shikamoo Mama,

Mimi ni daktari, nina miaka 31, mzaliwa wa Mpwapwa, na sasa nasomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali moja kubwa hapa Dodoma. Niko mwaka wa pili. Tuko wanne, wanaume watatu na mimi. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali sijui tena kama naonewa au najihisi tu, na kila ninayemweleza ananiambia nimshukuru Mungu kwa kupata wakubwa wapole.

Na kweli ni wapole. Hakuna aliyewahi kunitukana wala kunikataza lolote. Laiti ningetukanwa, ningejua pa kupeleka malalamiko.

Bingwa anayetusimamia ananiita "binti yangu". Wenzangu anawaita "dokta". Usiku ikiletwa ajali ya bodaboda au mgonjwa wa utumbo uliojisokota, hata kama zamu ni yetu wawili, simu inapigwa kwa mwenzangu. Asubuhi nikiuliza naambiwa, "Nilikuonea huruma binti yangu, jana ulisimama kliniki kutwa nzima." Mwenzangu naye alisimama kliniki ile ile.

Mchana nikinawa na kuingia theta, chumba cha upasuaji, mara nyingi nashika retrakta, kile chombo cha kushikilia kidonda kibaki wazi. Siku nikipewa kisu, nikisita kidogo kuutafuta mshipa, mkono wa bingwa unakuja juu ya wangu na kazi anaimaliza yeye. Mwenzangu akisita anaambiwa, "Taratibu, utafute, utauona." Nilianza kuamini kwamba mikono yangu ni mizito, lakini mtihani wa vitendo wa mwaka wa kwanza niliongoza mimi.

Wagonjwa wenye uvimbe wa matiti wote wanaletwa kwangu. Nawapenda wale kina mama. Wengi wanatoka mbali, Kondoa, Kongwa, Manyoni, na wakimkuta mwanamke wanapumua. Ila matumbo yanakwenda kwa wanaume. Nikiendelea hivi nitafika mtihani wa mwisho najua titi peke yake.

Wodini wazee wananiuliza, "Sista, daktari anakuja saa ngapi?" baada ya mimi kuwapima na kuwaeleza upasuaji wao. Hilo nimelizoea. Linaloniumiza ni manesi wa theta, wanawake wenzangu, ambao nikiomba chombo wanamtazama kwanza mwanamume aliyesimama upande wa pili, ndipo wanipe. Glavu zinazoletwa ni namba 7.5 na 8, mimi navaa 6.5, vidole vinaogelea ndani. Siku ya usaili niliulizwa nitaolewa lini na nitazaa lini. Mwenzangu mwenye watoto watatu hakuulizwa kitu kama hicho.

Sasa nina mchumba, mwalimu wa sekondari, mtu mwema, na familia zimeanza kuzungumza. Mama yangu ananishauri nihamie magonjwa ya ngozi, kwamba huko hakuna kuamshwa usiku. Na daktari bingwa mmoja wa kike wa idara nyingine, ninayemheshimu sana, ameniambia maneno yale yale. Sina hamu na ngozi, Mama. Mimi napenda tumbo. Napenda kumwona mtu aliyeletwa amekunjika kwa maumivu anatembea wodini siku ya tatu.

Naomba unisaidie: haya ni ya kweli, au ni mimi? Na kama ni ya kweli, nifanye nini bila kugombana na mtu ambaye ndiye atakayenitia saini?

Rezidenti, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Ni ya kweli. Lisome hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji hadi nilipostaafu, humu humu kanda ya kati, na nimewapa vyombo madaktari wengi, wa kiume na wachache wa kike. Uliyoyaandika nimeyaona yakifanywa na watu wema, wacha Mungu, wenye mabinti wao wenyewe wanaosomea udaktari. Ndiyo sababu yanakuchanganya. Tumezoea kudhani kwamba mbaguzi lazima awe na chuki. Bingwa wako hana chuki na wewe. Ila kichwani mwake, bila yeye kukaa akafikiri, mpasuaji ni mwanamume, na mwanamke ni mtu wa kulindwa asichoke. Simu ya saa nane za usiku inapigwa kabla fikra haijaamka, inakwenda kwa yule ambaye kichwa kimezoea kumwona.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliotumia kipimo cha kompyuta kinachoangalia mtu anaunganisha maneno gani kwa haraka, kabla hajapata nafasi ya kujirekebisha. Walitazama majibu ya wahudumu wa afya zaidi ya 42,000, na kando yao madaktari wa upasuaji 131. Wahudumu waliunganisha wanaume na kazi, wanawake na familia. Wapasuaji waliunganisha wanaume na upasuaji, wanawake na udaktari wa familia. Na wanawake waliopimwa nao walikuwa na mwelekeo huo huo. Kwa hiyo usimchukie nesi anayemtazama mwanamume kwanza, wala usiseme yule daktari mama amekusaliti. Wamekulia tulikokulia sote.

Kuhusu kisu kuchukuliwa mkononi mwako, nalo limeandikwa. Mwaka 2017, huko huko Marekani, watafiti walifuatilia wanaosomea upasuaji wa kifua, wakapima kila mmoja anaachiwa kiasi gani afanye mwenyewe. Wanawake waliachiwa kidogo kuliko wanaume. Na mchumi aitwaye Heather Sarsons alichunguza madaktari wanaopeleka wagonjwa kwa wapasuaji. Mgonjwa akifia mikononi mwa mpasuaji mwanamke, daktari aliyempeleka anapunguza sana kumletea wengine, na anaanza kuwa na shaka hata na wapasuaji wengine wa kike wa fani hiyo. Mgonjwa akifia mikononi mwa mwanamume, rufaa zinapungua kidogo tu. Sasa urudie ulichoniandikia kuhusu kusita. Mwenzako akisita, yeye ndiye amesita siku hiyo. Ukisita wewe, linaonekana ni jambo la wanawake. Mkono wa bingwa unakuja haraka kwa sababu hiyo, na wewe unabaki hujajifunza kuutafuta mshipa, na mwezi ujao utasita tena. Hapo ndipo huruma yake inapokudhuru wewe, na baadaye itamdhuru mgonjwa wako wa kwanza utakapokuwa peke yako katika hospitali ya wilaya, huna wa kumwita.

Kama kuna anayeuliza iwapo wagonjwa wako salama kwa wanawake, jibu lipo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, walifuatilia wagonjwa zaidi ya milioni 1 waliofanyiwa upasuaji, wakachapisha mwaka 2023. Ndani ya siku 90 waliopata madhara baada ya upasuaji, vifo vikiwemo, walikuwa asilimia 13.9 kwa wapasuaji wanaume na asilimia 12.5 kwa wanawake. Sisemi wanawake wamezaliwa na mikono bora. Nasema sababu ya kukunyima kisu haipo.

Na upweke wako hauanzii darasani kwenu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini ulihesabu wapasuaji 1,690 katika ukanda mzima, na wanawake walikuwa asilimia 9. Wakati huo nchi hizo zilikuwa na mpasuaji mmoja kwa watu karibu laki mbili, halafu tunawashauri wanaotaka kazi hii waende kwenye ngozi! Hilo linaniuma kuliko yote uliyoandika.

Sasa tufanye kazi.

Fungua logibuku yako, kile kitabu unachoandikia kila upasuaji ulioshiriki. Usiiguse kwa hasira, iguse kama mhasibu. Chukua miezi mitatu iliyopita, na kwa kila upasuaji andika ulikuwa nani: mpasuaji wa kwanza, msaidizi, au mtazamaji. Tenga dharura na zilizopangwa, tenga matiti na matumbo. Kisha mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akuonyeshe ya kwake. Usimwambie unatafuta kosa la mtu, mwambie unapanga maandalizi ya mtihani, na ni kweli. Utakuwa na karatasi moja yenye namba, na namba hazijihisi.

Halafu omba miadi na bingwa, ofisini kwake, mchana, mkiwa wawili. Usilianzishe theta, usilianzishe kwenye raundi mbele ya wanafunzi, na usiliweke kamwe kwenye grupu la WhatsApp la idara. Mtu mzima akishikwa hadharani hujitetea, hata akijua umesema kweli. Mwambie hivi: "Mwalimu, nashukuru unavyonijali. Nimepitia logibuku yangu. Katika miezi mitatu nimekuwa mpasuaji wa kwanza wa kufungua tumbo mara kadhaa hizi, na mtihani unanitaka niwe nimefika hapa. Naomba mambo mawili. Dharura ikija zamu yangu, naomba niitwe, hata nikiwa nimechoka; nikishindwa nitasema mwenyewe. Na tukiwa mezani, naomba nikisita unielekeze kwa mdomo kwanza kabla hujachukua." Kisha nyamaza. Mwache asome karatasi.

Humo sijakuwekea maneno ya jinsia wala ubaguzi. Si kwamba naogopa. Bingwa anayekuita binti yangu atasikia ametukanwa, na mazungumzo yatahamia kwenye uchungu wake badala ya mikono yako. Akiwa mtu wa haki, karatasi itamwonyesha. Akiuliza mwenyewe, "Unadhani ni kwa sababu wewe ni mwanamke?" basi mjibu ndiyo, kwa heshima, umtazame usoni.

Kuhusu manesi na kuitwa sista, una chombo mkononi ambacho wengi wanakisoma kama dua ya haraka haraka. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, inataka kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake kabla ngozi haijakatwa. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ilikuwa ya hapa kwetu, Ifakara, na kwa hospitali zote pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo hakuna atakayesema unaringa. Sema kwa sauti inayofika kona zote: "Naitwa Dokta fulani, leo mimi ndiye mpasuaji wa kwanza." Nesi aliyesikia hivyo anajua chombo kinakwenda mkono gani. Na kama leo wewe ni msaidizi, sema hivyo hivyo, ili siku ukisema mpasuaji wa kwanza neno liwe na uzito.

Wodini, jitambulishe kabla hujagusa shuka, na mwombe nesi mkuu wa wodi mnapopita raundi aseme, "Mzee, daktari atakayekufanyia ndiye huyu." Mzee wa Kigogo akiambiwa na mtu wa wodi anayemjua, habari imekwisha. Usimkasirikie. Hajawahi kuona.

Nyinyi manesi wa theta mnaosoma hapa, niwaambie kama dada yenu mkubwa: nguvu mliyonayo ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mkimpa binti chombo bila kumtazama mwanamume kwanza, chumba kizima kinamtazama yeye. Na agizeni glavu namba 6 na 6.5. Mpasuaji aliyevaa glavu inayomzidi anapoteza hisia ya uzi vidoleni, na anayesimama kwenye meza iliyopandishwa kwa kimo cha mtu mrefu anahitaji kibao cha kukanyagia, awekewe bila kuombwa. Wewe rezidenti, hilo la glavu liandike kwa msimamizi wa theta leo, usisubiri mazungumzo na bingwa.

Kina mama wa matiti usiwaache. Mwanamke aliyekaa na uvimbe mwaka mzima kwa aibu ya kumvulia nguo mwanamume, akikuona wewe, ana nafasi ya kupona. Ila wanaume wenzako nao wanapaswa kujifunza titi, na wewe tumbo. Ombeni mgawanyo upangwe kwa wiki, usifuate sura ya mgonjwa.

Kuna ushauri utapewa na wengi ambao mimi siukubali: kwamba mwanamke afanye kazi mara mbili ili aaminiwe. Usifanye. Daktari aliyechoka mara mbili anakosea, na tumeshaona kosa la mwanamke linavyohesabiwa. Omba sehemu yako, fanya sehemu yako, kalale.

Na kwa mabingwa: nawaheshimu, wengi wenu mmejenga idara kutoka vyumba viwili na taa moja ya jenereta. Nawaomba mfungue logibuku za wanafunzi wenu wenyewe, mlinganishe wa kike na wa kiume wa mwaka mmoja. Msikae mkijiuliza kama mna ubaguzi moyoni, moyo haujibu maswali hayo. Hesabuni nani alifungua tumbo usiku. Mkikuta tofauti isiyo na sababu, pangeni orodha ya zamu inayosema nani anaitwa kwanza, na simu ifuate orodha. Na anayeingia jopo la usaili asiulize mwombaji atazaa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi au mwombaji kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa.

Ikipita robo mwaka baada ya mazungumzo na namba hazijasogea, peleka karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili, kwa mratibu wa mafunzo. Hapo hutaonekana mlalamishi, kwa sababu ulianza kwa mwalimu wako kama inavyotakiwa. Wakati huo huo jiunge na wanawake wapasuaji wa ukanda huu, mtandao wao ulianzishwa mwaka 2015 chini ya COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao Arusha. Humo utamkuta aliyepita ulipo, na ukimpigia usiku atajua unazungumzia nini bila kumweleza toka mwanzo.

Ngozi ni fani nzuri, na anayeipenda aende. Wewe umeniandikia huipendi. Mama yako mweleze kwa upole kwamba unajua anachohofia, umpeleke siku moja akamwone mgonjwa wako anayetembea.

Limebaki la mchumba, na hili ni lako na lake, si la bingwa. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, mapacha siku 100, na baada ya hapo una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapewa siku tatu. Siku tatu hazilei mtoto, kwa hiyo usihesabu sheria peke yake. Kaa naye chini, umwonyeshe ratiba halisi ya mwezi mmoja wa zamu zako, zamu za usiku ukiziwekea alama nyekundu. Muulize usiku huo mtoto akiugua homa nani ataamka, nani atampeleka kliniki, na kama mama yake akija kukaa nanyi atamwambia nini akisikia mke wa mwanawe hayupo nyumbani saa tisa za usiku. Mwalimu wa sekondari ana likizo za shule na jioni zake, anaweza kulibeba hili vizuri kuliko wanaume wengi, ila alibebe akijua. Mkubaliane hayo kabla wazee hawajakaa kupanga mahari.